Hamali, mchukuzi, kibarua, kuli: kwa nini tunawaita watu kwa jina lisilo la kazi yao?

Mwana wa Funguni (mwanzisha uzi)

Assalamu alaikum wanajukwaa, wa Unguja, wa Pemba, wa bara na mlio ng'ambo.

Jirani yangu hapa mjini alikwenda kumwandikisha mwanawe skuli. Kwenye fomu, pahala pa "kazi ya mzazi", akaandika mchukuzi, maana ndiyo kazi yake. Yuko gatini Malindi tangu ujana, na nyumba anayolala ameijenga kwa kichwa na mabega yake. Karani akaipokea ile fomu, akalipiga mstari lile neno kwa kalamu nyekundu, pembeni akaandika "kibarua". Jirani hakusema kitu pale. Jioni alikuja barazani akaniuliza suali moja tu: "Kwani mimi kibarua wa nani?"

Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili tusizungushane. Hamali na mchukuzi ni majina ya kazi. Kibarua ni jina la namna ya kulipwa. Mtu anaweza kuwa hamali na akawa kibarua, anaweza kuwa hamali asiwe kibarua, na yuko kibarua ambaye hajawahi kuinua gunia maisha yake. Siku hizi tumeyatia yote kwenye kapu moja, na anayeumia ni yule mwenye kazi.

Hamali limetoka Kiarabu, hammal, mwenye kuchukua mizigo. Mtoto yeyote wa chuoni aliyefika Tabbat yada amelitamka kabla hajajua maana yake: "hammaalatal hatab", mchukuzi wa kuni, mke wa Abu Lahab. Asije mtu akasema basi kazi imelaaniwa. Yule mwanamke alilaumiwa kwa uadui wake. Kuni hazina kosa. Na mzizi ule ule ndio uliotupa himili na stahamili. Kwa Waarabu wenyewe haml ni mzigo na ni mimba pia. Neno zima limekaa juu ya kubeba kitu kizito na kukifikisha.

Hamali wa Mji Mkongwe zamani wengi walikuwa Washihiri, watu wa Hadhramaut waliokuja na majahazi ya msimu. Baadhi yao waliuza kahawa, baadhi waliteka na kuuza maji, na wengi walikokota marikwama. Kwa vijana ambao hawakuliwahi: rikwama ni gari la mbao la kukokotwa na watu. Mbele wanavuta, nyuma wanasukuma, na wanaimba kwa kupokezana ili nguvu zitoke pamoja. Vichochoro vyetu lori halipiti. Mchele ulioliwa Mkunazini, Kiponda na Hurumzi, na boriti zilizoezekea nyumba zake, vilifika huko kwa rikwama au kwa kichwa cha mtu.

Na kazi yenyewe ina ufundi wake. Hamali hajitwiki gunia peke yake. Wenziwe wawili wanalishika ncha, wanalipandisha mpaka usawa wa kifua. Mwenye kichwa kishaweka ngata yake, anainama, anaingia chini ya gunia, miguu ameitanua kidogo, anasema "tia", nao wanaachia. Kuanzia hapo shingo haigeuki kulia wala kushoto mpaka atue. Anayemtwika vibaya anaweza kumvunja. Ndiyo maana hamali huchagua wa kumtwika, kama vile mkwezi anavyochagua kamba yake.

Mchukuzi ni neno letu wenyewe, na mimi nalipenda zaidi. Kiunguja cha wazee kilitenga: mzigo unachukuliwa, mtoto anabebwa mgongoni kwa kanga au anaelekwa kiunoni. "Kubeba mzigo" limetuzoea sasa, silikatai, lakini bibi zetu wangeuliza huo mzigo umezaliwa lini. Anayechukua ni mchukuzi. Anayemsaidia kuupandisha anamtwika, na mwisho wa safari anautua. Lugha ina neno kwa kila hatua ya kazi ya mtu huyu, halafu sisi tunamwita kwa karatasi.

Nasema karatasi kwa sababu kibarua ni barua ndogo. Karne ya 19 hapa Unguja, mtu aliyekodiwa kwa siku alipewa kijikaratasi, na akikirudisha ndipo analipwa. Watu wakazoea kumwita mtu kwa jina la kile alichoshika mkononi. Na vibarua wengi wa wakati ule walikuwa watumwa. Bwana anamtoa mtumwa wake akafanye kazi kwa mtu mwingine, kwenye ujenzi, bandarini, kwenye maghala ya pembe na karafuu, na ujira ukirudi jioni una fungu la bwana ndani yake. Soko la watumwa likafungwa 1873, hali ya utumwa ikafutwa kisheria kwa amri ya 1897, na neno likabaki limevaliwa na watu huru.

Kwa hivyo jirani yangu aliuliza suali lenye historia. Kibarua daima alikuwa wa mtu. Mchukuzi ni wa kazi yake.

Nawakaribisha.

---

Konde Kaskazini

Waalaikum salaam ami. Uzi mzuri, ila umekaa mno mjini, na kazi za mikono visiwani hazianzi wala haziishi gatini. Njoo na huku kwetu.

Siye Pemba kwenye karafuu hatumwiti mtu kibarua. Apandaye mti ni mchumaji, basi. Halipwi siku, alipwa kwa pishi, kile kipimo chetu cha karafuu. Jioni chaletwa kilichochumwa, chapimwa mbele ya macho yake, naye ahesabu kwa sauti pamoja na mwenye shamba ili asiwepo wa kusema kesho. Na mchumaji stadi wamjua ungali chini ya mti. Havunji tawi. Alivuta kwa ngowe taratibu, achuma shada, aliachia lirudi lenyewe. Tawi likivunjika leo, mwakani mwenye mti halii na mvua, alia na yule aliyempandisha.

Halafu kuna wachambuaji, na hawa hakuna awatajaye. Usiku kwenye jamvi, wanawake na watoto, wazungusha shada kiganjani karafuu zidondoke upande huu na makonyo upande huu. Makonyo nayo hayatupwi, yaenda kiwandani Wawi yakamuliwe mafuta. Muulize mtu wa mjini mchambuaji ni nani, atakwambia wa mpira kwenye redio.

Kibarua twalitumia, lakini kwa kazi. Kufyeka chini ya mikarafuu, kupalilia muhogo, kuchimba shimo la choo. "Kesho nna kibarua kwa fulani." Hapo kibarua ni ile shughuli, siye mtu. Nafikiri huku kwetu ndiko lilikotulia vizuri.

Niwakumbushe na jambo la asili yake. Kile kimbunga cha 1872 kiliiangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo karafuu nyingi ni za huku. Msimu ukiwa mkubwa, mikono ya wenyeji haikutosha. Wakaja watu wa Makunduchi wakivuka na vyombo, wakaja na wa bara. Wote hao waliitwa wachumaji. Alotoka mbali na alotoka kijiji cha pili, jina moja, pishi moja.

---

Kipande cha Ilala

Wakuu, salaam kutoka Dar. Nimesoma mpaka mwisho na nimejifunza, lakini naona mkuu wa uzi analionea neno kibarua.

Huku bara kibarua halina tusi. Mtu akiwa na ajira ya ofisini, ana gari na kiyoyozi, bado anasema "ngoja niwahi kibarua changu". Akifukuzwa, tunasema kibarua kimeota nyasi, awe waziri au awe mlinzi. Kwenye michezo kila wiki timu fulani ina kibarua kigumu ugenini. Neno limepanda ngazi, limeshatoka kwenye kile kikaratasi. Na mtu wa kutwa kabisa siku hizi tunamwita deiwaka, na kule kwenye ujenzi yuko saidia fundi, ambaye jina lake limebeba kazi yake yote.

Kama unatafuta neno lililomgeuza mtu kuwa karatasi, tazama manamba. Wale walioletwa kwenye mashamba ya mkonge Tanga na kwingineko kutoka Songea, Kigoma na mbali zaidi, walipewa namba kwenye kadi, na wakaitwa kwa hizo namba. Mtu ana jina la ukoo, ana mke na watoto kwao, akifika shamba ni manamba. Miaka ya 1940 wenye mashamba walikuwa na chombo chao cha kukusanya watu hao, kikiitwa SILABU, na wazee wa Tanga hadi leo wanalitaja kwa sauti ya chini.

Na mpagazi mmemsahau? Yule wa misafara ya Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, Wanyamwezi wengi, pembe begani. Misafara ilikufa ilipokuja reli, lakini neno lipo hai: wanaowapandishia watalii mizigo Kilimanjaro ni wapagazi, na wana chama na wanadai viwango vyao kwa jina hilo hilo.

---

Mwana wa Funguni

Konde, ahsante sana. Hilo la mchumaji ndilo hasa ninalolitaka. Mtu ametajwa kwa anachokifanya, na kipimo cha ujira wake kipo pembeni, hakikuingia kwenye jina lake.

Ndugu wa Ilala, nimekuelewa na nakubali kwamba "kibarua changu" halimchomi mtu. Lakini tazama nani analisema. Mwenye kiyoyozi akijiita kibarua anajishusha kwa hiari yake, na kila anayemsikia anajua ana mkataba kwenye droo. Akiitwa hivyo asiye na mkataba, na anayemwita ndiye mwenye kumpa au kumnyima kazi kesho, hapo maneno mawili yamefanana kwa sauti tu.

Nitakupa mfano. Pana tangazo nililisoma limebandikwa ukutani karibu na Darajani, la mtu mwenye ghala: "Wanahitajika vibarua wa kudumu." Lifikirie. Kibarua wa kudumu! Aje kila siku, saa zile zile, asikose, avae fulana ya ghala, lakini akiumia mgongo awe ni mtu wa jana aliyeshalipwa. Neno kibarua linamfaa mwenye ghala kwa sababu linakata uhusiano kila jua likizama. Angeandika "wachukuzi wa kudumu" angeulizwa mengine: wana michango ya ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii? Wana likizo? Akivunjika mkono nani anamtibu? Neno moja limemwondolea masuali yote hayo.

Kuhusu manamba, umesema kweli tupu. Kikaratasi cha Unguja na namba ya Tanga vimetoka kwenye meza moja, meza ya anayelipa.

---

Bi wa Jambiani

Wanangu nawasoma. Mimi ni mwanamke wa mwani, na kabla ya mwani nilikaa juu ya mawe. Nataka kusema lililonikaa.

Mwani wa biashara ulianza kulimwa huku kwetu mwaka 1989, Paje na Jambiani. Mwanzo wanaume walicheka, wakasema wanawake wamekwenda kufunga nyasi baharini. Leo tunaitwa wakulima wa mwani, tunaandikwa hivyo, tunaitwa kwenye mikutano kwa jina hilo. Kwa hivyo mwanangu wa Funguni nakukubalia, jina la kazi lina heshima yake. Ukiwa na jina unaweza kuitwa, na ukiitwa unaweza kusema.

Lakini sikiliza na upande wa pili. Jina tumepata, bei bado anaitoa mnunuzi. Tunaingia majini maji yakitoka, tunafunga kamba kwenye vijiti tumeinama, chumvi inakula vidole na macho yanawasha kwa mwanga wa jua juu ya maji, tunaanika, tunafunga kwenye viroba, halafu tunaambiwa bei. Sasa huyo mchukuzi wenu, mkishamwandika vizuri kwenye fomu, jioni anapewa ngapi? Mtume, rehema na amani zimshukie, alisema alipwe mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Hakusema aitwe vizuri kwanza.

Na wale wenzangu wa kokoto, wanaoponda mawe kando ya njia kwa nyundo, mtoto mgongoni, ndoo moja moja mpaka rundo lijae, wao hata jina hawana. Ukiuliza mtu "yule mama anafanya nini?" utajibiwa "anaganga njaa tu". Nyumba ngapi za ghorofa zimesimama juu ya kokoto zao! Mponda kokoto. Liandikwe basi na hilo.

Tena sisi wazazi tuache mdomo wetu. Mtoto akikosa mtihani tunamwambia "utakwenda kuwa hamali". Tunalichafua wenyewe, halafu tunamshangaa karani.

---

Mwana wa Funguni

Shikamoo mama. Umenena, na la kokoto nimelipokea kwa mikono miwili. Wazee walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sisi tusioponda tunaona ni mchezo wa kando ya barabara.

Kwenye ujira hatupingani. Ninachosema ni kuwa jina na ujira vinavutana. Nitaeleza kwa lililotokea hapa hapa, maana vijana wengi hawalijui.

Mwaka 1948 wachukuzi wa bandari ya Unguja waliweka mizigo chini. Ilikuwa Agosti. Vita vya Pili vimekwisha, bei za vyakula na nguo zimepanda, ujira wa gatini umebaki nyuma. Mwaka wa kabla yake, 1947, Mombasa iligoma mwezi wa Januari, na bandari ya Dar es Salaam ikagoma Septemba, na habari kama hizo zilivuka bahari na kila chombo. Wale wa Unguja walikuwa watu wa kuajiriwa kwa siku, ambao mkuu wa kazi angeweza kuwaambia "kesho usije" na ikawa basi. Kwa hesabu ya mwenye kampuni walikuwa rahisi kubadilishwa. Lakini ilipoingia Septemba mgomo ulitoka gatini ukaenea mji mzima, kazi za aina nyingine nazo zikasimama, na serikali ya kikoloni ikalazimika kukaa chini kuzungumza habari ya mishahara.

Waliweza kwa sababu walijijua kuwa ni watu wa kazi moja. Mtu wa kikaratasi yuko peke yake na kikaratasi chake. Wachukuzi wana wenzao, wana wanaotwikana, wanajua nani amekosekana leo na kwa nini. Ndiyo maana nalipigania jina mama, kwa ajili ya huo ujira unaousema wewe.

---

Mkunazini

Yakhe, umeandika kichwa cha uzi na kuli ndani, kisha kuli mwenyewe hukumgusa. Niachie mimi.

Kuli lilikuja kwetu kwa njia ya India na Waingereza. Wapo wanaolipeleka kwenye Kitamil, ambako kuli ni ujira, na wapo wanaolipeleka kwenye jina la watu wa Gujarat waitwao Koli. Vyovyote iwavyo, Waingereza walilichukua wakalisambaza kila bahari. Utumwa ulipofutwa kwenye makoloni yao miaka ya 1830, mashamba ya miwa ya Mauritius yakataka mikono, wakachukuliwa Wahindi kwa mikataba ya miaka. Natal, Afrika ya Kusini, wakapelekwa kuanzia 1860. Na huku jirani yetu, reli ya Mombasa kwenda Ziwa Victoria ilipoanza kujengwa 1896, waliletwa Wahindi wapatao 32,000 kwa kazi hiyo. Wakubwa wa reli wakiwaita makuli wote kwa jumla, awe mvunja mawe au mlaza mataruma.

Kule Afrika ya Kusini neno hili ni tusi zito mpaka leo, tusi la rangi, usilitamke mbele ya mtu. Hapa pwani likashuka gatini likawa jina la kazi tu: kuli ni mpakizi na mpakuzi wa meli. Bibi yangu akisema "makuli wametoka" ina maana kazi imekwisha bandarini na chai iwekwe jikoni, maana babu naye yuko njiani. Hakukuwa na dharau ndani ya kauli yake hata chembe.

Kazi yao enzi hizo ilikuwa ya matishari. Meli kubwa inatia nanga nje, tishari linakwenda ubavuni, magunia yanashushwa na winchi ndani ya wavu, nanyi mko chini yake mnayapokea na tishari linapanda na kushuka na mawimbi. Wavu ukiyumba hakuna pa kukimbilia. Sasa makontena yamekuja, kreni inainua kwa mara moja kilichokuwa kazi ya kutwa ya watu wengi, na jina kuli linakwenda zake pamoja na ile kazi. Aliyebaki ni mchukuzi wa abiria, anayewahi boti ya Dar na meli ya Pemba.

Kwa hivyo mimi naliweka hivi: kuli tuliache kwenye historia. Tusilikane, babu zetu walikuwa makuli na walikula halali. Lakini mtu wa leo usimwite hivyo, hasa ukiwa unaandika kitu kitakachosomwa na watu wa ng'ambo.

---

Mwalimu Mstaafu wa Vuga

Nimevutiwa na mjadala, naongeza la sarufi kwa ufupi kwa kuwa naona wachangiaji wanatofautiana.

Kibarua kwa umbo limevaa KI-VI, lakini likiwa ni mtu, upatanisho unafuata A-WA: kibarua amefika, vibarua wamelipwa. Likiwa ni kazi, linarudi kwenye umbo lake: kibarua kimekwisha, vibarua vimeadimika. Ndiyo kusema "kibarua wangu" ni mtu niliyemkodi, na "kibarua changu" ni kazi yangu. Ndugu wa Ilala na ndugu wa Konde wote wawili wanakusudia kazi, na ndiyo maana kwao halichomi. Karani wa skuli alikusudia mtu. Ukimsikia mtu anasema "vibarua vyangu vimechelewa" na anakusudia watu, ujue kawaondoa kwenye ngeli ya wanadamu. Hilo nililisahihisha darasani kwa ukali kuliko kosa jingine lolote.

Hamali kwa wingi ni mahamali, na wahamali husikika pia. Kuli ni makuli. Yote yanachukua wa-: mahamali wanakuja, makuli waligoma.

Mchukuzi, wachukuzi, halina matata. Uzuri wake ni kuwa linajieleza kwa mnyambuliko wa kawaida kama mkwezi, mfuaji nazi, mgema, mvuvi. Mgeni akijua kitenzi, amemjua na mtu.

---

Konde Kaskazini

Mwalimu, nashukuru umemtaja mfuaji. Watu wadhani kufua nazi ni kuipiga piga tu. Kifuo kimechimbiwa ardhini, ncha juu, waikita nazi kwa mikono miwili karibu na tumbo lako mwenyewe, waigeuza, kumbi latoka kwa vipande vitatu. Kosa kidogo ncha yakuingia kiganjani. Huyo naye alipwa kwa mia ya nazi, halipwi siku. Naye kibarua?

---

Mwana wa Funguni

Si kibarua ami. Ni mfuaji, na ujira wake ni wa hesabu.

---

Kijana wa Saateni

Shikamooni wakubwa. Nimefuatilia kimya kimya tangu mwanzo kwa sababu linanihusu mwenyewe. Nimemaliza kidato cha nne, sikuendelea. Nimefanya kazi bandarini, kushusha na kupakia mizigo ya abiria, na kabla ya hapo kwenye ghala la saruji. Sasa imetoka nafasi ya msimamizi wa ghala, wanataka mtu mwenye uzoefu, na nataka kuomba. Kwenye maelezo yangu nilikuwa nimeandika "kazi za vibarua mbali mbali". Baada ya kusoma uzi huu nimefuta, lakini sasa sijui niandike nini. Nikiandika hamali si watanicheka?

---

Bi wa Jambiani

Asikucheke mtu mwanangu. Kazi mbi si mchezo mwema, na yako wala si mbi. Mtume ametwambia bora mtu achukue kamba yake alete tita la kuni mgongoni auze, kuliko kwenda kuomba watu. Andika.

---

Mwana wa Funguni

Marahaba kijana. Umefanya vizuri kuifuta ile sentensi, maana haimwambii msomaji kitu. "Mbali mbali" ndiyo zipi?

Andika hivi. Mstari wa kwanza: "Mchukuzi wa mizigo, Bandari ya Malindi", na miaka yake. Chini yake taja ulichokuwa ukifanya kweli: kupakia na kupakua mizigo ya abiria na ya biashara, kupanga mizigo kwa uzito ili ya chini isipondeke, kukabidhi kwa mwenyewe kwa namba ya risiti. Mstari wa pili: "Mchukuzi na mpangaji, ghala la saruji". Hapo eleza kupanga mifuko kwa safu, kuikinga na unyevu, kutoa ile iliyotangulia kuingia kabla ya mpya, na kuhesabu na karani wakati wa kupokea. Hayo ndiyo wanayoyatafuta kwa msimamizi wa ghala, na wewe unayajua kwa mikono kuliko aliyeyasoma.

Wakikuuliza ulilipwaje, sema ukweli: kwa siku, au kwa mzigo. Hilo ni jibu la suali la malipo na lina pahala pake. Usilitangulize mbele ya kazi yako. Kisha mtafute mmoja wa wakubwa wa kundi lenu pale gatini, anayekujua kwa uaminifu, uweke jina lake na simu yake kama mdhamini, kwa idhini yake. Usiogope kwamba naye ni mchukuzi. Mtu aliyekabidhiwa mizigo ya watu miaka yote hiyo bila kupotea, ushahidi wake ni mzito kuliko wa jirani mwenye suti.

Hamali au mchukuzi, chagua unalolipenda. Mimi kwenye barua ningeandika mchukuzi kwa sababu linaeleweka mpaka bara, na kwenye mahojiano wakitumia hamali niitike bila kusita. Ukitaka, iweke barua yako hapa bila jina lako, Mwalimu wa Vuga aipitie lugha kabla hujaipeleka.

---

Mwalimu Mstaafu wa Vuga

Ailete. Nipo mpaka baada ya Isha.